Shajara ya mradi: Triumph Bonneville T120 ya 1968

Wiki ya 1

Imefika ikiwa na fremu, injini ndani yake, magurudumu yote mawili, tangi lenye kutu na masanduku mawili ya vipuri visivyo na lebo. Ni T120 ya 1968 iliyoundwa Meriden, karibu na Coventry: silinda mbili bega kwa bega, sentimita za ujazo 649, kipenyo cha milimita 71 na mwendo wa pistoni wa milimita 82. Namba ya injini na ya fremu zinafanana na hazina dalili ya kugongwa upya. Tulilitazama hilo kabla ya kushika spana.

Mwaka wa 1968 ni mwaka mzuri wa kuanzia. Ndipo ilipokuja breki ya mbele ya inchi 8 ambayo viatu vyake vyote viwili vinauma kwa kuongoza (ngoma ikizunguka inavivuta vibane zaidi), pamoja na sahani ya pointi (swichi za kuwasha cheche) 6CA ya Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme, inayoruhusu kila silinda kupangiwa taimingi yake, yaani wakati wa cheche. Sahani ya awali, 4CA, ilikuwa na mpango mmoja kwa silinda zote mbili, kwa hiyo mara nyingi silinda moja ilikuwa sawa na ya pili imekosea.

Mwisho wa mradi pikipiki itakuwa na usukani wa chini, vikanyagio vilivyorudi nyuma, kiti cha mtu mmoja na rimu za alumini. Kila badiliko litafungwa kwa boliti kwenye matundu yaliyopo. Fremu hii ni ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa boliti, na kipande cha nyuma ndicho kinachobeba vichwa vya shokapu. Wanaokikata ili mkia uwe mfupi wanaondoa chuma mahali penye kazi nzito, halafu wanashangaa madigadi ikipasuka na kiti kikitikisika.

Injini inazunguka kwa kiki, lakini hatutaiwasha. Sababu iko ndani ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na haionekani kwa nje.

Kuhusu spana: pikipiki ya mwaka huo wa 1968 ina nyuzi za boliti za aina kadhaa pamoja, yaani za zamani za baiskeli zenye nyuzi 26 kwa inchi, BSF, Whitworth na UNF. Spana ya Whitworth huandikwa kipenyo cha boliti, si upana wa kichwa chake, kwa hiyo namba yake hailingani na ya spana ya inchi ya kawaida. Spana ya milimita "inayokaribia" ndiyo iliyokula pembe za nati nyingi tulizozikuta. Nati yoyote isiyoingia kwa vidole mizunguko mitatu hairudishwi mpaka ijulikane ni nyuzi gani.

Wiki ya 2

Injini imefunguliwa. Rota (sehemu inayozunguka) ya altaneta, kifaa cha kuzalisha umeme, iliponing'inizwa na kutikiswa ilitoa mlio mdogo wa kugonga: kitovu chake cha chuma kimeachana na sehemu ya alumini. Rota ya namna hiyo haitengenezeki. Mlio wake injini ikiwaka hufanana kabisa na wa beringi iliyokufa ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki), na kuna injini zilizofunguliwa zote kwa kosa hilo.

Klachi: kitovu chake huzunguka juu ya rola 20. Tano kati yake zilikuwa za urefu wa robo inchi kamili. Rola sahihi ni fupi kidogo kuliko kipenyo chake. Zile za mraba kamili huuma pembeni klachi ikizunguka, na gia hukataa kuingia ukiwa umesimama. Zote 20 zimebadilishwa.

Wiki ya 3: mtego wa tope

Hii ndiyo sehemu iliyoamua ratiba nzima.

Ndani ya kranki kuna mrija uliolazwa kupitia flaiwili, gurudumu zito la kranki. Injini hii haikutoka kiwandani na chujio la karatasi. Ina nyavu za waya tu, moja kwenye tangi la oili na nyingine chini ya injini, kwenye sampu. Oili inayokwenda kwenye konrodi hupitia kwanza kwenye mrija huu, na kwa kuwa kranki inazunguka kwa kasi, uchafu mzito hutupwa kwenye ukuta wake na kubaki hapo. Ni mpango wa busara, ila hakuna njia ya kuusafisha bila kufungua injini nzima. Mmiliki mmoja baada ya mwingine hubadilisha oili kwa uaminifu, na mtego unaendelea kujaa.

Plagi ya mtego ina mfereji wa bisibisi na imefungiwa kwa alama ya tindo. Tulitoboa alama hiyo kwa drili ya milimita 3, tukapasha chuma moto kuzunguka plagi, kisha tukatumia bisibisi ya kugonga yenye ncha iliyochongwa ijae mfereji wote. Ilizunguka pigo la sita. Kosa linalofanyika sana huja baada ya hapo: boliti moja ya flaiwili inapenya kwenye tundu la mrija na kuushikilia. Isipotolewa kwanza, mrija hautoki, na ukilazimishwa hupasuka ndani.

Ulipotoka ulikuwa umejaa theluthi mbili. Tope lake halina ulaini wa grisi. Ni gumu na jeusi, linakatika kwa kisu kama lami iliyopoa, na kila kipande kinaonyesha tabaka nyembamba zenye vumbi la chuma linalometameta. Njia ya oili kwenda konrodi ya kushoto ilibaki uwazi unaopitisha sindano ya kushonea tu. Shingo ya kranki (mahali konrodi inapokalia) ya upande huohuo ilipopimwa kwa maikromita ilikuwa inchi 1.6205, wakati ya kiwanda ni kati ya 1.6235 na 1.6240. Ya kulia ilikuwa 1.6228. Hakuna haja ya ushahidi mwingine: upande ulionyimwa oili ndio ulioliwa.

Kranki imepelekwa kusagwa inchi 0.010 chini ya kipimo, shingo zote mbili. Maagizo yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyofungwa juu yake: ule mviringo mdogo kwenye kona ya shingo ubaki. Kona ikisagwa kali, ufa wa kranki huanzia hapo.

Wiki ya 5

Kranki imerudi. Kabla ya kuweka mrija mpya, njia zote za oili zilisukumwa mafuta ya taa kwa bomba la sindano mpaka yakatoka safi kwenye shingo zote mbili, halafu hewa ya kompresa. Mrija umeingizwa tundu lake likielekea boliti, boliti mpya za flaiwili zikapakwa gundi ya nyuzi na kukazwa Nm 45 (futi-ratili 33), na plagi ikagongwa alama mpya.

Nusu mbili za kasha la injini tulizisafisha kwa maji na sabuni ya kuondoa grisi tu. Kupuliza kwa chembe za kioo hung'arisha alumini vizuri, lakini chembe hubaki kwenye njia za oili na kwenye nyuzi, na zikiingia kwenye beringi kazi yote ya wiki ya 3 imepotea. Ukitaka kupuliza, kila tundu lizibwe, na baada ya hapo lioshwe mara mbili zaidi ya unavyodhani inatosha.

Kasha lilipashwa moto hadi nyuzijoto 100 hivi, beringi mpya zikadondoka mahali pake zenyewe. Beringi inayohitaji nyundo inakuambia kasha halijapata joto.

Gia za taimingi, zinazounganisha kranki na shafti za kufungua valvu, zinatisha watu bila sababu. Gia ya kati ina meno 47, kwa hiyo alama zikipangwa na kranki ikazungushwa, hazikutani tena mpaka mzunguko wa 94. Aliyepanga sawasawa, akazungusha mara mbili kuhakiki na kuona alama zimetawanyika, hudhani amekosea na kuanza upya. Panga, piga picha, endelea.

Pampu ya oili ni ya pistoni mbili ndogo, na ile ya kurudisha oili tangini ni nene kuliko ya kupeleka ili sampu ibaki kavu. Kipande cha mraba kinachoteleza kwenye kichwa cha pampu kilikuwa kimelika, kikabadilishwa. Gololi za valvu ziligongwa mara moja kwa upole juu ya viti vyake kupitia fimbo ya shaba, kisha pampu ikajazwa oili na pistoni kusukumwa. Usawa wa oili juu ya gololi haukushuka. Ungeshuka, oili ingevuja kutoka tangini kwenda kwenye sampu kila pikipiki inapolala, na asubuhi ingetoa moshi wa buluu ambao wengi huusingizia ringi za pistoni.

Sili ndogo ndani ya kifuniko cha taimingi, ile inayokumbatia ncha ya kranki, iwe mpya kila mara. Oili yote ya konrodi inapita hapo. Mdomo wake ukijikunja wakati wa kufunga kifuniko, shinikizo linapotea na hakuna linalovuja nje kukuonya. Tunapaka oili, tunafunika ncha ya kranki kwa koni laini, na kifuniko kinasukumwa kwa mikono miwili bila nyundo.

Wiki ya 6: silinda, hedi, na mirija ya pushrodi

Silinda zimekerezwa inchi 0.020 juu ya kipimo, kila moja kwa pistoni yake, pistoni zikiwa zimetangulia kufika. Mwanya wa ringi ulipimwa ndani ya silinda yenyewe: inchi 0.011 na 0.012, ndani ya mipaka ya 0.010 hadi 0.014. Tapeti (vipande vinavyoinua fimbo za valvu) za ekzosi zina njia ya oili na za inleti hazina, kwa hiyo zisichanganywe.

Mirija ya pushrodi (fimbo zinazosukuma valvu) ndiyo inayozipa Triumph sifa ya kuvuja, na karibu kila mara kosa ni la mfungaji. Mrija umekaa kati ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda) na kitako cha tapeti, ukiwa na sili juu na chini, na urefu wake pamoja na sili lazima ulingane na unene wa gasketi ya hedi. Sili zikiwa nyembamba, oili inatoka. Zikiwa nene, hali ni mbaya zaidi: hedi inakalia mirija badala ya gasketi, unakaza boliti na kudhani imebana, kumbe mgandamizo unatoroka na baada ya safari chache gasketi imeungua.

Tulifanya hivi. Gasketi ya shaba, mirija na sili mpya ziliwekwa, hedi ikalazwa juu bila boliti, na mwanya kati ya hedi na gasketi ukapimwa kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) pande nne. Unaotakiwa ni inchi 0.030 hadi 0.040. Sili tulizoanza nazo zilitoa 0.062. Tulibadilisha za chini kwa nyembamba, tukapata 0.036 mbele na 0.034 nyuma. Vipimo hivi vinne vilichukua saa nzima, na ni saa yenye faida kuliko nyingine yoyote kwenye injini hii.

Gasketi ya shaba ililainishwa kwanza: ilipashwa mpaka ikawa nyekundu, ikatumbukizwa majini, ikasuguliwa kwa msasa laini. Boliti za hedi za inchi 3/8 zilikazwa kutoka katikati kwenda nje kwa hatua tatu hadi Nm 24. Nafasi za valvu injini ikiwa baridi: inleti inchi 0.002, ekzosi 0.004.

Wiki ya 7

Kwa kuwa klachi iko nje, ndio wakati wa kubadilisha sproketi ya giaboksi, maana inafikiwa kupitia bamba la mviringo nyuma ya klachi. Ya kiwanda ina meno 19 na ya nyuma 46. Tumeweka ya meno 20, hivyo uwiano wa gia ya juu umetoka 4.84 hadi 4.60. Injini ya aina hii, pistoni zote mbili zikipanda na kushuka pamoja, hutetema zaidi inapokimbia juu. Kupunguza mizunguko kwa asilimia 5 kunasikika mikononi, na kuondoka kwa gia ya kwanza hakujawa kugumu.

Nati ya kitovu cha klachi Nm 68, ya rota Nm 41. Mwanya kati ya rota na stata (sehemu ya altaneta isiyozunguka) ulipimwa kuzunguka kote, usipungue inchi 0.008 mahali popote. Nati tatu za springi za klachi zilirekebishwa moja moja huku kiki ikisukumwa polepole na levi imebanwa, mpaka sahani ya nje ikazunguka bila kuyumba.

Wiki ya 8 hadi 10: fremu, magurudumu na umbo

Bushi za mkono wa nyuma mpya zilisawazishwa kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) ndefu moja iliyopita zote mbili, ili ziwe kwenye mstari mmoja. Nguzo za fork zilizungushwa juu ya bamba la kioo, moja ikaonekana imepinda, ikabadilishwa. Oili ya fork ni mililita 190 kila mguu.

Rimu za alumini: mbele WM2 ya inchi 19, nyuma WM3 ya inchi 18 (WM ni alama ya upana wa rimu). Kabla ya kukata spoki za zamani tulipima kwa rula ndefu umbali kutoka ukingo wa habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa rimu, kila upande, tukaandika. Bila kipimo hicho gurudumu linaweza kuzunguka bila kuyumba hata kidogo na bado likae milimita 6 nje ya mstari wa fremu. Rimu ziagizwe zikiwa zimetobolewa kwa pembe ya habu hii hasa. Matundu ya habu nyingine hupindisha spoki shingoni, na hapo ndipo zinapokatikia. Tumefika milimita 0.5 ya kuyumba pembeni.

Breki ya mbele: viatu vipya vilikerezwa vikiwa vimefungwa kwenye sahani yake, mpaka vikagusa ngoma kwa urefu wote. Kifimbo kinachounganisha levi mbili kirekebishwe ili viatu vyote vianze kugusa kwa wakati mmoja. Kikikosewa, una breki ya kiatu kimoja yenye uzito wa viwili.

Usukani wa chini umefungwa kwenye nguzo za fork, chini ya daraja la juu. Ukigeuzwa mpaka mwisho, kidole gumba kilibanwa na tangi upande wa kushoto, hivyo vituo vya usukani vimeongezewa boliti fupi za kurekebisha. Kebo zote zilipimwa upya. Kebo ndefu iliyokunjwa ili itoshe huongeza msuguano, na kebo ya kabureta inaweza kuvutika usukani unapogeuzwa na kupandisha mlio wa injini peke yake.

Vikanyagio vya nyuma vina mambo mawili. Levi ya gia ikigeuzwa kutazama nyuma, mpangilio wa gia nao unageuka, kwa hiyo tumeweka kifimbo chenye viungo ili ubaki ule wa kiwanda. Anayezoea mpangilio mmoja atashusha gia mahali alipotaka kupandisha, na kwa kasi hilo ni hatari. La pili, kiki hugonga kikanyagio cha kulia, hivyo hicho lazima kiwe cha kukunjika.

Kiti kimejengwa juu ya bamba la alumini la milimita 2 linalotumia bawaba na tundu la kiti cha zamani. Tangi limesafishwa kutu na kuachwa bila rangi ya ndani. Petroli yenye ethanoli hubandua rangi nyingi za ndani ya tangi, na vipande vyake huishia kwenye kabureta.

Wiki ya 11

Waya zote mpya, na chanya imebaki kwenye fremu kama Lucas walivyokusudia. Waya mwekundu hapa ni wa fremu, jambo ambalo limeunguza vifaa vingi vya watu waliozoea magari. Zena (kinachozuia volti kupanda mno) na rektifaya (kinachogeuza umeme wa altaneta uweze kuchaji betri) vimeondolewa, mahali pake pamewekwa kifaa kimoja cha kurekebisha chaji. Pointi nazo zimetoka, tumeweka moto wa kielektroniki na koili mbili za volti 6 zilizounganishwa mfululizo. Fyuzi iko kwenye waya hasi, karibu kabisa na betri. Mfumo huu unataka betri yenye nguvu: volti ikishuka, kuwaka kunakuwa kwa shida hata kama kila kitu kingine ni sawa.

Wiki ya 12

Kabureta mbili za Amal Concentric 930. Uso wa kufungia wa moja ulikuwa umepinda kama upinde kwa kukazwa kupita kiasi. Ulisuguliwa juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka ukawa sawa. Nati zake sasa zimekazwa tu kiasi cha kubana pete ya mpira, na ni za kujifunga zenyewe. Slaidi (vipande vinavyopanda na kushuka gesi ikifunguliwa na kufungwa) zilikuwa zinacheza ndani ya miili, na slaidi inayocheza huingiza hewa na kuharibu mlio wa chini, yaani wa injini isiyopewa gesi, kwa hiyo miili imetiwa bushi mpya za kuzibana slaidi.

Jeti ya mlio wa chini kwenye kabureta hizi ni kijibushi kilichozamishwa ndani, nyuma ya skrubu ya hewa, na hakitoki. Petroli ikikauka huziba tundu lake, na dawa ya kupuliza pekee haifiki. Toa skrubu, ingiza kwa vidole biti ya inchi 0.016 iliyobandikwa kwenye kijiti chembamba, izungushe bila kusukuma. Utaihisi ikipenya ghafla, na ncha itatoka na unga wa kijani. Kabureta ya kulia ilikuwa imeziba kabisa. Silinda moja inayopoa kwenye mlio wa chini, halafu inaamka gesi ikifunguliwa, uanzie hapa kabla ya kugusa taimingi.

Wiki ya 13

Plagi za cheche zikiwa nje, kiki ilisukumwa mpaka oili ikaonekana ikirudi tangini. Mrudio wenye afya hutoka kwa kukatika-katika pamoja na hewa, kwa sababu pampu ya kurudisha ni kubwa kuliko ya kupeleka.

Iliwaka kiki ya tano. Shinikizo la oili ya 20W-50 ikiwa moto: psi 70 kwenye mizunguko 3,000, psi 22 kwenye mlio wa chini. Taimingi iliangaliwa kwa taa ya stroboskopu kupitia dirisha la kifuniko cha cheni, ikawekwa digrii 38 kabla ya pistoni kufika juu, moto ukiwa umesogea mpaka mwisho wake. Chini ya mirija ya pushrodi ni pakavu.

Kilomita 800

Oili imebadilishwa, na wavu wa sampu ulikuwa na chembe chache za alumini laini za pistoni mpya. Hedi ilikazwa tena injini ikiwa baridi kabisa. Boliti mbili za nje zilisogea takriban digrii 10 na nyingine hazikusogea. Kila hedi ikikazwa, nafasi za valvu hupungua: inleti ya kulia ilikuwa imefika sifuri, ikarudishwa 0.002. Cheni ya klachi imelegea kidogo, imerekebishwa kupitia tundu lililo chini ya kasha lake. Bado kuna unyevu wa oili kwenye shafti ya kubadilishia gia. Pete ya mpira ya hapo imeagizwa.